Nani Kasema Mlemavu Hana cha Kupoteza?

Kuna swali ambalo madaktari wa Ulaya na Marekani wanabishana juu yake tangu 2015, na ukilisikia kwa mara ya kwanza unaweza kusema hilo ni lao, sisi watu wa kambini halituhusu. Swali ni hili: mtu ambaye tayari alikuwa na ulemavu akipigwa na kiharusi, je, inafaa kumfanyia ile tiba kubwa ya kuvuta damu iliyoganda kutoka ndani ya kichwa, au aachwe?

Mimi nasema linatuhusu. Tiba yenyewe hatuna, na sitamdanganya mtu kwamba itafika kesho. Lakini swali lililo chini yake linaulizwa kwetu kila siku, kwenye kamati ya rufaa, kwenye foleni ya kituo cha afya, hata kwenye kikao cha familia usiku: huyu ambaye tayari alikuwa hivi, kuna faida gani kumhangaikia? Wenzetu wa huko wameliuliza mbele ya watu, kwa namba na kwa maandishi, kwa hiyo tunaweza kuona kosa liko wapi. Hapa kwetu linaulizwa kwa kunong'ona.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa. Kiharusi hutokea damu inapokosa kufika sehemu fulani ya ubongo. Mara nyingi sababu ni bonge la damu lililoziba mshipa, kama takataka inavyoziba bomba la maji la bloki. Mara nyingine mshipa unapasuka na damu inamwagika, lakini hiyo ni habari nyingine yenye matibabu yake. Mshipa mkubwa ukizibwa, chembe za ubongo karibu milioni 2 hufa kila dakika. Ndiyo maana mtu anaamka mzima, anakwenda kuchota maji, na kabla jua halijafika utosini mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, maneno hayatoki. Majirani wanasema amerogwa. Kumbe ni presha iliyokaa miaka bila dawa.

Kwa muda mrefu madaktari walikuwa wanatazama tu. Mwaka 1995 huko Marekani ilithibitishwa kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inasaidia, ikichomwa ndani ya saa chache za kwanza. Lakini bonge likiwa kubwa, dawa hiyo mara nyingi inashindwa. Ndipo ikaja tiba ya kuvuta. Daktari anatoboa tundu dogo kwenye mshipa wa kinena, anapitisha mrija mwembamba kupanda mpaka shingoni, halafu ndani ya kichwa, huku anatazama njia kwenye picha ya eksirei. Akifika penye bonge, analinasa kwa kiwavu kidogo cha waya au analifyonza, kisha analitoa nje. Kichwa hakipasuliwi.

Mwaka 2015 yalitoka majibu ya majaribio matano yaliyofanyika Uholanzi, Kanada, Australia, Hispania, Marekani na kwingineko. Walipoyaunganisha waliona kwamba katika kila wagonjwa 100 waliovutwa bonge, kama 38 walibaki na ulemavu mdogo kuliko ambao wangebaki nao bila tiba hiyo. Katika udaktari hiyo ni namba kubwa sana. Miaka mitatu baadaye, 2018, ikaonekana kwamba hata baada ya saa 6, na kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa picha za ubongo hata mpaka saa 24, bado inasaidia.

Sasa, katika majaribio hayo karibu wote waliopokelewa walikuwa watu waliokuwa wazima kabla ya kiharusi. Aliyekuwa anasaidiwa kuvaa, anayetembelea kiti cha magurudumu, aliyewahi kupata kiharusi kingine akabaki na mguu mzito, wengi wa namna hiyo waliachwa nje. Na hawakuachwa kwa ubaya wa moyo. Waliachwa kwa sababu ya kipimo.

Kipimo chenyewe kinatokana na kazi ya daktari wa Scotland, John Rankin, aliyoitoa 1957, kikarekebishwa baadaye. Kina ngazi kuanzia 0 mpaka 6. Ngazi ya 0, mtu hana dalili yoyote. Ya 1, ana dalili lakini anafanya kazi zake zote. Ya 2, hawezi kila alichokuwa akifanya, ila anajitunza bila msaada. Ya 3, anahitaji msaada kiasi, lakini anatembea mwenyewe. Ya 4, hatembei bila kushikwa, na mwili wake hawezi kuutunza peke yake. Ya 5, yuko kitandani, anatunzwa usiku na mchana. Ya 6 ni kifo.

Baada ya siku 90 mgonjwa anapimwa. Akiwa kwenye 0, 1 au 2, inaandikwa kwamba amepata matokeo mazuri. Akiwa kwenye 3 kwenda juu, inaandikwa hakufanikiwa.

Ngoja hapo kidogo, msomaji, maana hapa ndipo penye jambo. Mtu aliyekuwa kwenye ngazi ya 3 kabla ya kiharusi atafanikiwa lini? Umvute bonge, arudi nyumbani anaongea, anacheka, anakula mwenyewe, kila kitu kama wiki iliyopita. Kwenye karatasi ameandikwa hakufanikiwa, kwa sababu yuko kwenye 3. Alifeli kabla mtihani haujaanza. Mtafiti anayetaka kujua kama tiba yake inafanya kazi anaona mtu kama huyu atamharibia hesabu, basi anamwacha nje. Kwa upande wa hesabu namwelewa, maana jaribio linahitaji kipimo kilicho wazi.

Shida inakuja baadaye. Majaribio yakiisha, miongozo inaandikwa kwa kufuata majaribio. Mwongozo wa Marekani wa 2019 uliweka pendekezo lake lenye nguvu kwa waliokuwa kwenye ngazi ya 0 au 1 tu kabla ya kiharusi. Kwa wengine ulisema huenda inafaa, ushahidi ni mdogo. Daktari wa zamu, saa nane za usiku, akiwa na mgonjwa mwenye ulemavu mbele yake, anasoma hayo anasema: hakuna ushahidi. Kweli hakuna. Haupo kwa sababu watu hao hawakuingizwa. Na hawatatibiwa kwa sababu haupo. Na kwa kuwa hawatibiwi, hautapatikana.

Mkimbizi hahitaji kufafanuliwa duara hili. Unaambiwa lete karatasi ili tukuandikishe. Unauliza karatasi inatolewa wapi. Unajibiwa: inatolewa kwa waliokwisha kuandikishwa. Kila aliyeko nyuma ya meza anafuata kanuni, hakuna aliyekuchukia, na wewe unabaki umesimama juani. Nataka wenzetu wa mashirika waone kwamba mtu anaweza kunyimwa haki yake bila kuwepo mtu mbaya hata mmoja. Inatosha kipimo kiwe kimetengenezwa bila yeye kufikiriwa.

Bahati nzuri duara lile lilianza kukatika, kwa sababu madaktari wengine huko waliwatibu watu hawa hata hivyo na wakaandika kilichotokea. Kumbukumbu zao zilipokusanywa, Uholanzi na kwingine, hawakuuliza tena kama mgonjwa amefika kwenye 0, 1 au 2. Waliuliza: amerudi pale alipokuwa? Wakaona kwamba sehemu ya waliorudi kwenye hali yao ya awali haikupishana sana na ile ya watu waliokuwa wazima. Vifo vilikuwa vingi zaidi kati yao, hilo lisemwe wazi, maana wengi walikuwa wazee wenye maradhi mengine juu ya ulemavu. Tena kumbukumbu za namna hii hazina nguvu sawa na jaribio lenyewe. Lakini ile dhana kwamba ukimtibu mlemavu unapoteza muda, haikuungwa mkono. Tazama basi: wagonjwa walewale na tiba ileile, ukibadilisha swali jibu nalo linabadilika.

Sasa tutoke kwenye namba twende kwenye hoja. Wanaosema aachwe wana sababu, na si wajinga. Nitazitaja tatu.

Ya kwanza inasema: huyu hana mengi ya kupoteza. Tayari hatembei, kiharusi kitamwongezea nini? Hii ndiyo inayonikera zaidi, tena ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote. Tuseme kuna fundi cherehani ambaye polio ilimchukua miguu yote miwili utotoni. Watu wa namna hii tunawajua, hakuna soko la kambi lisilo naye. Anazungusha cherehani kwa mkono, anashona sare za shule, analipia watoto daftari, anapatana bei na wateja kwa lugha tatu. Kwa kuwa hatembei, kile kipimo kinaweza kumweka kwenye 3, hata 4. Lakini ubongo wake ni mzima kabisa, na mshipa wa kichwani mwake hauna habari na polio. Kiharusi kikimchukua mkono wa kulia na ulimi, amepoteza nini? Amepoteza vyote. Mtu mwenye miguu akipoteza mkono anabaki na miguu. Huyu maisha yake yote alikuwa ameyahamishia kwenye mikono miwili na maneno. Mwenye mablanketi matano akiibiwa moja atalala. Mwenye moja akiibiwa hilohilo, atakesha.

Kwa hiyo ukipima kwa hasara, aliyekuwa mlemavu mara nyingi ana zaidi cha kupoteza. Hoja inageuka kichwa chini.

Ya pili ni ya huruma. Mtu anasema: ameteseka vya kutosha, tusimwongezee. Haya maneno nimeyasikia yakisemwa na watu wema, wengine wakiwa na machozi. Lakini nani amepima mateso hayo? Mwaka 1999 watafiti wawili, Albrecht na Devlieger, walichapisha kazi waliyofanya kwa kuwauliza watu wenye ulemavu mkubwa wenyewe. Zaidi ya nusu yao, asilimia 54, walisema maisha yao ni mazuri au mazuri sana. Wanaotazama kwa nje walidhani kinyume. Na huko Marekani alikuwepo mwanasheria mmoja, Harriet McBryde Johnson, ambaye misuli yake ilikuwa imedhoofika tangu kuzaliwa na akitumia kiti cha magurudumu. Mwaka 2002 alikwenda Chuo Kikuu cha Princeton kujadiliana ana kwa ana na mwanafalsafa Peter Singer, anayetetea kwamba wazazi waruhusiwe kuchagua kumuua mtoto mchanga aliyezaliwa na ulemavu mkubwa. Alichoshikilia yule mama ni kwamba kuwa na ulemavu au kutokuwa nao hakukuambii kama maisha ya mtu ni mazuri. Hilo utalijua kwa kumuuliza mwenyewe.

Nasi tuna msemo wetu: hujafa hujaumbika. Wazee walikuwa wanamwonya anayemcheka kilema kwamba na yeye bado yuko njiani, umbo lake halijakamilika mpaka afe. Mimi naupenda kwa sababu nyingine pia. Unasema kwamba hakuna umbo moja la kuwa mtu, ambalo wengine wamelifikia na wengine wamepungukiwa. Wote tunaendelea kuumbwa. Sasa ukiwa hivyo, ngazi ya 0 haiwezi kuwa ndiyo utu, na zilizobaki ziwe makato.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami sitaipita mbio. Inasema: vitu havitoshi. Hospitali ina chumba kimoja cha kuvuta bonge, na usiku mmoja wameletwa wagonjwa wawili. Au kwa lugha yetu: pesa za rufaa za mwezi huu zinatosha watu wanne na waliopendekezwa ni kumi na mmoja. Lazima uchague. Na ukichagua, si ni haki umchague atakayefaidika zaidi?

Ndiyo, lazima kuchagua, na anayesema kila mtu apewe kila kitu hajawahi kukaa kwenye kamati. Ila neno "kufaidika" linabeba vitu viwili tofauti, na vinachanganywa. Kimoja ni kiasi gani tiba itabadilisha hali ya mgonjwa. Kingine ni hali ya mgonjwa itakuwa nzuri kiasi gani mwishoni. Mzima aliyerudi kwenye 0 na fundi wetu aliyerudi kwenye 3, wote wawili wamerudishiwa kila walichokuwa wanapoteza. Ukisema wa kwanza amefaidika zaidi, umeacha kuipima tiba, sasa unaipima miguu yake. Mwanafalsafa wa Uingereza, John Harris, alilisema hili tangu 1987: mlemavu anaadhibiwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa ule ulemavu wake, mara ya pili pale ulemavu uleule unapotumiwa kumshusha kwenye foleni ya tiba ya ugonjwa mwingine.

Kosa hili halikubaki kwenye vitabu. Mwezi Machi 2020, korona ilipokuwa inajaza hospitali za Uingereza, taasisi ya NICE ilitoa mwongozo wa kuwapima wagonjwa kwa kipimo cha udhaifu wa mwili kabla ya kuamua nani aingizwe chumba cha uangalizi mkubwa. Kipimo kile kinauliza mtu anasaidiwa kiasi gani kila siku. Familia za vijana wenye ulemavu wa akili na wenye usonji zikaona papo hapo kwamba watoto wao, ambao mapafu na mioyo yao ni mizima, watahesabiwa sawa na mzee aliyedhoofika. Walipiga kelele. Ndani ya siku chache mwongozo ulirekebishwa: kipimo hicho kisitumike kwa walio chini ya miaka 65, wala kwa wenye ulemavu wa kudumu usiobadilika. Kelele zilifaa. Ila fikiria wale wasio na mtu wa kuwapigia kelele.

Sisemi kwamba kila mlemavu lazima avutwe bonge, wala kwamba kila mgonjwa apandishwe ambulensi. Kuna bibi ambaye kumbukumbu zimekwisha, hamjui mwanawe, amedhoofika mwezi baada ya mwezi, na anakaribia mwisho wake hata bila kiharusi. Mrija ule una hatari zake: mshipa unaweza kupasuka, damu inaweza kuvuja kichwani. Kumwacha bibi yule apumzike, akiwa safi, bila maumivu, ameshikwa mkono na watu wake, hiyo inaweza kuwa heshima kubwa kuliko tiba yoyote. Lakini angalia sababu. Tumeamua hivyo kwa kuwa mwili unaondoka na tiba haitaubadilisha. Hatukuamua hivyo kwa kuwa alikuwa mlemavu. Ulemavu uliotulia na ugonjwa unaomaliza mtu ni vitu viwili, japo kwenye kipimo vinaweza kupewa namba moja. Anayeviunganisha atakosea pande zote mbili: atamtesa bibi bure na atamwacha fundi bure.

Sasa turudi nyumbani. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa 2023 ulikadiria kwamba katika nchi iliyo katikati ya orodha, chini ya wagonjwa 3 kati ya 100 wanaohitaji kuvutwa bonge ndio wanaopata. Na zipo nchi ambazo haipo kabisa. Kwa hiyo kwa tiba hii, wazima na walemavu wa kambini sote tuko nje ya mlango. Lakini kiharusi hakitibiwi kwa mrija peke yake. Kuna safari ya kupelekwa kwenye hospitali yenye kipimo cha CT ili ijulikane kama mshipa umeziba au umepasuka. Kuna dawa za presha zisizokatika. Kuna kuangalia kama mgonjwa anameza vizuri kabla ya kumpa uji, usije ukaingia kwenye mapafu. Kuna kumgeuza kitandani asipate vidonda. Kuna mazoezi ya mkono na ya ulimi, wiki baada ya wiki. Yote hayo yanaweza kutolewa au kunyimwa, na penye uchache kuna mtu anayeamua.

UNHCR iliandika mwongozo wa rufaa za matibabu kwa wakimbizi mwaka 2009. Unataka kuwe na kamati, na mambo makubwa mawili ambayo kamati inayaangalia ni matarajio ya kupona na gharama. Siinyooshei kidole kamati yoyote. Bila mwongozo, rufaa zingekuwa za wenye ndugu ofisini. Nauliza tu kuhusu yale maneno matatu, matarajio ya kupona. Kupona kwenda wapi? Kwa fundi wetu, ukiandika kwamba matarajio ni madogo kwa sababu hata akipona hatatembea, umetumia kipimo cha Rankin bila kukijua jina. Hajawahi kutembea. Kupona kwake ni kurudi kwenye cherehani.

Haki yenyewe imekwisha kuandikwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa 2006, katika ibara ya 25 unakataza mtu kunyimwa matibabu, hata chakula na maji, kwa ubaguzi wa ulemavu. Ibara ya 11 inazitaka nchi ziwalinde watu hao penye vita na majanga, yaani penye watu kama sisi. Kwa hiyo sheria haikosekani. Kinachokosekana ni mazoea ya kuuliza vizuri.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti kubwa.

La kwanza ni la wahudumu wa afya. Kwenye kadi ya mgonjwa mwenye ulemavu tunaandika anachokosa: mguu, jicho, mkono. Ongeza mstari mmoja wa anachofanya: anashona, anafundisha watoto kusoma, anapika kwa kukaa, anaongoza kwaya. Aandikwe hivyo akiwa mzima, siku ya kawaida. Siku akiletwa hawezi kusema, huyo daktari asiyemjua atajua kinachotakiwa kurudishwa. Bila mstari ule, daktari anaona kiti cha magurudumu na mgonjwa aliyepooza, anadhani vyote vimekuja pamoja.

La pili ni la wanakamati. Mnapofika kwenye matarajio ya kupona, ulizeni maswali mawili kwa kutenganisha: tiba hii itabadilisha nini kwa huyu, na je, kama asingekuwa na ulemavu wake wa zamani tungeamua vilevile? Kama jibu la swali la pili ni hapana, basi elezeni ulemavu ule unaifanyaje tiba isifae. Ukiwa unaongeza hatari kweli, semeni. Ukiwa hauongezi kitu, uondolewe kwenye hesabu.

La tatu ni letu, wenye familia na majirani. Kiharusi kinachukua ulimi, na hapo wengine wanaanza kusema kwa niaba yako. Tuwaulize wenye ulemavu walio kati yetu, mapema, wakiwa na nguvu: baba, mama, dada, siku ukiugua sana ungependa tufanye nini, na kitu gani hungekubali kukipoteza? Wengine watasema wapelekwe hata kwa machela usiku uleule. Wengine watasema wameshachoka, waachwe. Majibu yote mawili ni ya heshima yakiwa yametoka kwao. Na tukiona uso umelegea upande mmoja, mkono umeanguka, maneno yamechanganyika, tusikae kungojea asubuhi wala kumtafuta aliyeroga. Tusiseme pia kwamba huyu ndivyo alivyo. Mara nyingi mlemavu anachelewa kufikishwa kwa sababu watu wamezoea kumwona hawezi, hata hawatambui kwamba leo hawezi zaidi ya jana. Anayekaa naye ndiye anayejua jana alikuwaje, na ushahidi huo hakuna mashine inayoutoa.

Uchache hatukuuchagua, na utaendelea kutulazimisha kuchagua. Mtu anaweza kukosa rufaa kwa sababu pesa zimekwisha, au kwa sababu tiba haitamsaidia, akalia na watu wake wakaelewa. Kukosa kwa sababu aliingia mlangoni akiwa tayari anachechemea, hilo hatuwezi kumweleza machoni. Na uamuzi ambao huwezi kumweleza machoni mtu unayemwamulia, usiupitishe.